Mali bila Daftari

Msomaji, ukitoka kisiwani Mombasa kwa njia ya Makupa, ukazipita Changamwe, Mikindani na Jomvu, utafika Miritini. Hapo ni makutano ya njia nyingi. Barabara kuu ya Nairobi hupita hapo. Reli kongwe, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1896, ilipita hapo kwenda bara. Na tangu tarehe 31 Mei 2017 ndipo ilipo stesheni kubwa ya mwisho ya reli mpya itokayo Nairobi. Kandokando ya barabara pana viwanja vya makontena na maegesho ya malori, na nyuma ya viwanja hivyo pana makazi ya watu wa asili nyingi: Waswahili wa Jomvu, Warabai, Waduruma, na pamoja nao Wakamba, Wataita, Wajaluo na Waluhya ambao wazee wao waliletwa pwani na kazi.

Mahali kama hapo thamani ya ardhi hubadilika upesi kuliko watu wanavyozeeka. Kipande ambacho babu alipanda mihogo na minazi, mjukuu hukikuta kimepitiwa na reli. Sheria za Kenya huiruhusu serikali kuchukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma, walakini huitaka imlipe mwenyewe fidia ya haki tena bila kukawia. Kama fidia zilizopata kulipwa zilikuwa za haki au hazikuwa, hilo ni shauri jingine, nami sitaliingia leo. Nataka tulitazame swali moja linaloulizwa kabla fedha haijahesabiwa. Lina maneno matatu tu: jina la nani?

Ofisi haiulizi nani aliyelima, nani aliyepalilia, wala nani aliyewazika wazee wake chini ya mwembe ule. Huuliza hati ina jina la nani. Mwenye jina akiwa hai, hutia sahihi akalipwa. Akiwa amekwisha kuzikwa, warithi wake hawana budi kupita mahakamani kwanza. Watafute barua ya chifu inayowataja warithi wote. Ombi lao litangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu wapewe siku 30 za kulipinga. Kisha, baada ya msimamizi wa mirathi kuteuliwa, kwa kawaida hupita miezi sita kabla ya kuthibitishwa kwake na mali kugawanywa. Katika muda huo mtu akijitwalia kitu cha marehemu na kukiuza, hata kama ni mtoto wake wa kumzaa, sheria humhesabu kuwa ameingilia mali isiyo yake, na hilo ni kosa la kushtakiwa. Tena hiyo ndiyo njia ya ndugu waliopatana. Waliogombana huihesabu kwa miaka, na wengine hufa kabla ya kuimaliza, wakawaachia watoto wao kesi mahali pa shamba.

Basi yule mwenye jina, aliyekufa bila kusema neno wala kuandika mstari, tumhukumu vipi? Mali ilikuwa yake. Aliitolea jasho. Je, hakuwa na haki ya kunyamaza juu ya kitu chake mwenyewe? Au kimya chake ni dhuluma aliyowafanyia wale waliobaki? Hilo ndilo swali la insha hii. Nakusihi usilijibu upesi, maana wengi wa wale tunaowapenda na kuwaheshimu ni watu wa kimya hiki.

Tumchukue mzee mmoja kwa mfano. Simtaji jina kwa sababu si mtu mmoja. Yumo katika kila mtaa. Alifanya kazi ya kupakia na kupakua mizigo bandarini kwa miaka thelathini. Ana wake wawili, mmoja Miritini na mwingine shamba, na watoto saba. Hapo Miritini amejenga nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita. Viwili anakaa yeye na mkewe, vinne amepangisha. Ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo si yake. Hii ni desturi ya zamani ya Mombasa, ambayo mgeni huistaajabia: nyumba huwa ya mtu mmoja na ardhi ya mtu mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Nyumba ya namna hii haina hati ya ardhi ya kuitetea. Ushahidi wake ni karatasi ya mapatano na stakabadhi za kodi, nazo mzee wetu amezitia ndani ya mkebe wa biskuti, mkebe ameutia ndani ya kasha, na ufunguo wa kasha huning'inia shingoni mwake. Ana deni kwa mwenye duka. Amemkopesha rafiki yake fedha, na rafiki huyo ni mtu mwema, lakini naye ni mzee. Katika fomu ya akiba ya kazini aliandika jina la mama yake, kwa kuwa siku aliyoijaza alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili asiye na mke. Mama amekwisha kufa zamani. Fomu haijabadilishwa.

Sasa sikiliza habari ya mabati. Mke wa Miritini hukaanga mahamri kila alfajiri, huwauzia madereva na wapagazi wanaopita kwenda kazini. Nyumba ilipokuwa na paa la makuti linalovuja, mzee hakuwa na fedha. Mke alitoa akiba yake, tuseme shilingi 80,000, wakanunua mbao na mabati. Hawakuandikiana. Nani aandikiane na mumewe? Mapenzi yalitosha kuwa daftari. Mzee akafa. Mke yumo edani, hajatoka nje, na ndugu wamekaa barazani kugawanya nyumba yote, toka msingi mpaka paa. Yeye husoma Kurani na hujua kwamba mke, marehemu akiwa ameacha watoto, hupata thumni, yaani fungu moja katika manane. Na wake wakiwa wawili, hugawana thumni hiyo. Hakuna anayebishana na hukumu hiyo. Lakini fanya hesabu, wewe uliyefundishwa hesabu. Thumni ya 80,000 ni 10,000, na nusu yake ni 5,000. Mwanamke alitia mabati ya shilingi 80,000, naye anarudishiwa mabati ya shilingi 5,000, na mabaki yanakwenda kwa watu ambao hawakupata kuamka alfajiri hata siku moja kukanda unga.

Kosa liko wapi? Si katika sheria ya mirathi. Sheria hiyo haikusema mali ya mke iingizwe katika mirathi ya mume. Ilisema kinyume chake: mali ya mwanamke ni yake, na kinachorithiwa ni kile tu kilichokuwa cha marehemu, tena baada ya gharama za maziko na madeni kuondolewa. Mabati hayakuwa ya marehemu. Yalikuwa mali ya mtu aliye hai, au kwa uchache deni lililo juu ya nyumba. Waliokaa barazani si wezi. Hawakujua, na hapakuwa na mahali pa kujulia. Mtu mmoja tu angaliweza kusema neno la kumaliza shauri hilo, naye amefukiwa udongo.

Hapo ndipo ninapopata jibu langu. Tumezoea kufikiri kwamba mtu anayenyamaza juu ya mali yake huficha kilicho chake. Aghalabu huficha pia kilicho cha wengine: mabati ya mke, mchango wa mtoto wa kwanza aliyeacha masomo ili kuwasomesha wadogo zake, fedha za mwenye duka aliyemkopesha unga mwezi wa taabu. Maadamu yu hai, vitu hivyo vina mwenyewe, kwa kuwa yeye anajua. Akifa, kimya chake huvichukua vyote na kuvitia katika rundo moja liitwalo mirathi. Mali ilikuwa yake, nakubali. Lakini ujuzi wa nini ni cha nani haukuwa wake peke yake. Alikuwa amewekewa amana.

Walakini ningekuwa mwandishi mbaya kama nisingesimama upande wa mzee kwa muda. Kimya chake kina historia. Serikali ya kikoloni ilipoleta kodi ya nyumba mwaka 1901, kuandikwa kulikuwa na maana moja kwa mtu wa kawaida: karani amehesabu paa lako, sasa utalipa. Kisha, mwaka 1908, ikatungwa sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa alete dai lake mbele ya msajili. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Waliojua karatasi na waliokuwa karibu na mji walikwenda. Wengi katika Wamijikenda hawakwenda, ama kwa kutopata habari, ama kwa kuona kwamba ardhi ya kaya na ya ukoo si kitu cha kuombewa ruhusa kwa mgeni. Wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota katika nchi ya babu zao. Kwa hiyo, ndani ya miaka isiyofika kumi, aliyeandikwa alitozwa, na asiyeandikwa akanyang'anywa. Watu waliopitiwa na mambo hayo mawili, je, si haki yao kuitazama karatasi kwa jicho la wasiwasi?

Ni haki yao. Lakini tazama tena. Wasiwasi ule haukuwarudishia hata pima moja ya ardhi. Sheria ya 1908 ilikuwa ya dhuluma, na silaha yake ilikuwa kimya cha watu. Anayejua hivyo hawezi kuipenda karatasi, lakini hawezi tena kuidharau.

Ziko sababu nyingine ambazo wazee hutoa. Wengine husema kuandika wasia ni kumwita Izraili kabla ya wakati. Jambo hili halihitaji jibu refu. Wasioandika nao hufa. Tena usidhani ni hofu ya wasiosoma peke yao. Abraham Lincoln, rais wa Marekani, alikuwa mwanasheria aliyezishughulikia karatasi za watu wengine kwa miaka zaidi ya ishirini. Alipouawa mwaka 1865 haukuonekana wasia wake.

Wengine husema, Mungu amekwisha kugawa, mimi niandike nini? Nao hawa ni watu wa dini, sharti wajibiwe kwa dini yao. Ni kweli kwamba mafungu yamewekwa, na kwamba Mwislamu haruhusiwi kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake, wala kumzidishia mrithi juu ya fungu lake bila ridhaa ya wenziwe. Lakini mafungu hugawa kitu kinachojulikana. Dini haikusema nyumba ya Miritini ina mabati ya nani. Tena aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani haikuja kwa ajili ya sala wala saumu. Imekuja kuagiza kwamba deni liandikwe na mashahidi wawekwe. Na mafundisho ya Mtume humtaka mwenye kitu cha kuusia asilale hata siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Anayetaka kumwachia Mungu kazi hii, Mungu amekwisha kumrudishia.

Kwa wasio Waislamu, Kenya ina Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Tangu mwaka 1990 mirathi ya Waislamu hufuata sheria yao wenyewe, na mahakama za kadhi, zilizothibitishwa katika katiba ya 2010, huwasikiliza. Chini ya Sheria ya Urithi, kila mtu mzima mwenye akili timamu aweza kuandika wasia, akautia sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Hata wasia wa mdomo una nafasi, ukisemwa mbele ya mashahidi wawili; lakini msemaji akiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuusema, kwa raia wa kawaida hauna nguvu tena. Asiyeacha wasia, sheria humgawia. Naye akiwa ameacha watoto bila mke wala mume, watoto wote hupata sawasawa, wa kiume na wa kike, aliyeolewa na asiyeolewa. Nalisema hili kwa sababu najua wasichana wengi wanaosoma ukurasa huu wamekwisha kuambiwa vingine.

Sababu moja hunipa mimi mwenyewe shida. Mzee husema: nikiwaambia watoto nilicho nacho, wataacha kazi wangoje nife. Hilo si jambo la kubuni. Wako vijana waliokwisha kulila shamba kwa mkopo kabla baba hajapata hata homa. Siwezi kumwambia mzee kwamba hofu yake ni bure. Naweza kumwambia tu kwamba kuandika si kutangaza. Wasia waweza kufungwa katika bahasha ukawekwa kwa wakili, au benki, au kwa kadhi, au kwa mtu mwaminifu, na watoto wakaambiwa neno moja tu: ulipo. Kiasi wasikijue. Anayenyamaza kabisa ili asiharibu tabia ya watoto wake, huwaharibia kitu kikubwa zaidi, nacho ni udugu wao. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Lakini hawa hawatapatana kwa wakati. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na Miritini, karibu na stesheni na barabara kubwa, kunguru wa viwanja hawakosekani.

Siku hizi mali ya kimya haikai kasha peke yake. Tangu mwaka 2007 watu wa Kenya huweka na kutuma fedha kwa simu, na mtu aweza kufa akiwa na fedha katika simu, katika benki mbili, katika chama cha akiba na mikopo, na hisa alizonunua zamani akazisahau, wala mkewe asijue hata moja. Fedha hizo hazipotei hewani. Mwaka 2011 Bunge lilitunga sheria juu ya mali za fedha zisizodaiwa: benki, kampuni za bima, kampuni za simu na nyinginezo, zikikaa na fedha za mtu kwa miaka kadhaa bila kumsikia, hutakiwa kuzipeleka kwa mamlaka maalumu, ambayo huzitunza mpaka mwenyewe au warithi wake wazidai. Nimelitaja jambo hili makusudi. Pana mwanafunzi anayefukuzwa shule kwa karo, na fedha za baba yake zimetulia katika orodha, zikimngoja mtu ajuaye kuziulizia. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na hao hawakuona simu.

Huenda utasema, nimezungumza juu ya kufa tu, na kijana hapendi habari za kufa. Basi tuzungumze kidogo juu ya uzee, ambao ni mgumu zaidi kwa kuwa mtu huuishi.

Wazee wetu waliweka akiba yao katika watoto. Sidhihaki desturi hiyo. Ilikuwa ya utu, na ilimfanya mtoto athaminiwe. Lakini ilikwenda pamoja na shamba ambalo liliwalisha wote, mzee na mtoto. Mtu wa Miritini anayeishi kwa mshahara au kwa kibarua hana shamba hilo. Kenya ilianzisha Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ambayo watu huiita NSSF, mwaka 1965. Kwa miaka mingi kabla ya 2023 mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi, na mwajiri akaongeza 200. Fanya hesabu tena. Shilingi 400 kwa mwezi, kwa miaka thelathini, ni shilingi 144,000 kabla ya faida. Ni fedha za kula mwaka mmoja kwa kujinyima, na mtu anastaafu akiwa na miaka 60 na pengine ataishi mpaka 80. Sheria mpya ya kuongeza makato ilitungwa mwaka 2013, ikashikwa na kesi karibu miaka kumi, na makato ya sehemu 6 kwa mia kwa kila upande yakaanza Februari 2023. Nakumbuka manung'uniko. Mshahara ulikuwa mdogo, bei zilikuwa kubwa, na anayenung'unika kwa njaa hana kosa. Hata hivyo, yule mzee wa miaka 75 ambaye wewe utakuwa, hayumo barazani leo kuzungumzia haki yake. Hana mdomo. Ni kama mke aliyemo edani: wengine wanagawanya, na yeye yumo ndani.

Na kodi? Hapa mzee wa mkebe atacheka, maana kwa kodi ana sababu yake ya mwisho ya kunyamaza: nikiandika, serikali itaona. Mara nyingi hofu hii ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Kenya haitozi kodi ya urithi. Na ile kodi ya pango inayolipwa kila mwezi haimgusi anayepokea chini ya shilingi 288,000 kwa mwaka. Vyumba vinne vya mzee, kila kimoja shilingi 3,000 kwa mwezi, humpa 144,000. Amejificha miaka yote asionekane na mtu asiyemtafuta. Lakini mwenye ardhi, ambaye hadaiwi na mzee ila anadaiwa na serikali ya kaunti kodi ya ardhi kila mwaka, akinyamaza asilipe, deni halifi pamoja naye. Hulimbikizika juu ya ardhi, na siku warithi watakapotaka kubadili jina, wataambiwa walipe kwanza. Baba aliyedhani ameikimbia kodi amemkopea mwanawe.

Sasa nakugeukia wewe, msomaji uliye darasani. Huna nyumba, huna mshahara, wala huna wake wawili. Utaniuliza insha hii yakuhusu nini. Yakuhusu kwa jambo moja: katika nyumba nyingi wewe ndiwe msomaji. Barua ikija kutoka ofisini, ni wewe huitwa uisome. Baba akitaka kujaza fomu, ni wewe hushika kalamu. Vijana wa umri wako wamejua siri za serikali za nyumba zao kuliko ndugu wakubwa walioko mbali. Hayo ni mamlaka madogo, lakini ni mamlaka.

Usiende kwa baba yako ukamwuliza, "Baba, utatuachia nini?" Hilo ni swali la adabu mbaya, na jibu lake laweza kuwa kofi. Anza na lako. Nunua daftari la shilingi chache, uandike unachodaiwa: shilingi 50 za mwenzako, kitabu cha maktaba, kalamu ya dada yako. Andika na unachodai. Liache juu ya meza. Mzazi akiuliza ni nini, mwambie. Pengine hatasema kitu. Pengine atapita miezi akilitazama.

Na pengine, jioni moja, mahamri ya kesho yakiwa yamekandwa na taa imewashwa, atakuita.

"Mwanangu, njoo na kalamu yako."

"Naam, baba."

Atauvua ufunguo shingoni. Kasha litafunguliwa, na mkebe, na karatasi zitatoka zikinuka karafuu na kutu. Atakusomesha moja moja, nawe utaandika: mapatano ya kiwanja, tarehe na mashahidi; stakabadhi za kodi, mwaka hata mwaka; mwenye duka, kiasi gani; rafiki fulani, kiasi gani. Fomu ya kazini itakufanya usite, nawe utamwonyesha jina la bibi yako, naye ataguna na kusema itabadilishwa. Kisha atanyamaza kwa muda mrefu akitazama juu, na wewe utadhani amemaliza, utaanza kuifunika kalamu.

"Bado," atasema. "Andika: mabati ni ya mama yako."